Habari Zilizofungiwa Nyama

Sisi tuliokulia Kalama miaka ya tisini tulizisoma habari za dunia zikiwa na harufu ya nyama. Gazeti zima, lenye kurasa zake zote, lilikuwa kitu cha watu wa mjini. Letu lilifika Jumamosi jioni likiwa limeviringishwa kwenye nusu kilo ya nyama ya mifupa, limefungwa kwa kamba ya katani, na doa la damu limekaa pale pale habari ilipoanza kunoga. Mama alichukua nyama, sisi watoto tukachukua gazeti. Tulilitandaza juu ya jiwe nje ya jikoni, tukalianika hadi likauke, kisha tukalisoma pande zote mbili: matangazo ya vifo, bei ya mbolea, mtu aliyepotea akiwa amevaa suti ya buluu, na mwisho kabisa michezo, kwa sababu kitu kitamu huwekwa mwisho. Nilijua majina ya makipa wa timu kubwa kabla sijawahi kuona televisheni ikiwaka.

Habari nyingi hazikuwa na mwisho. Mtu mkubwa alikuwa akieleza jambo, ghafla karatasi inakatika, na maneno yake yaliyobaki yameenda na matumbo ya jirani. Ilibidi tumalizie wenyewe. Mdogo wangu Muthoka aliwamalizia wote kwa njia moja: aliwafunga jela. Mimi nilipenda kutafuta mwisho unaoweza kuwa wa kweli, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kujifunza kufikiri.

Nyama ile ilitoka kwa Kilonzo, aliyekuwa na bucha ya pekee sokoni kwetu. Nje ya bucha palikuwa na benchi refu, na Jumamosi alasiri wanaume waliketi pale kutoa maoni. Hawakuwa na mamlaka yoyote juu ya mambo waliyoyazungumzia, lakini waliyazungumzia kama watu ambao kesho yake wangeulizwa uamuzi. Je, masomo ya darasa la nane si mengi kupita kiasi? Je, kocha wa timu ya taifa ana akili timamu? Je, msichana akicheza mpira ataolewa? Hilo la mwisho liliulizwa nikiwa nimesimama pale nangoja nyama, na Kilonzo akajibu huku akikata mfupa, "Huyu akirusha mpira vile anarusha, mwache aolewe na mpira." Wote walicheka. Mimi nilijifanya naangalia mizani.

Benchi lilikuwa na vyama viwili. Chama cha redio kiliongozwa na Mutiso, fundi wa baiskeli, ambaye redio yake ilikuwa imefungwa betri nne kwa nje kwa mpira wa tyubu. Chama cha gazeti kiliongozwa na baba yangu, Nzioka, mkulima aliyeishia darasa la saba na ambaye alisoma polepole, kidole chini ya mstari.

"Redio ni mdomo," baba alisema. "Ikikosea, utaishika wapi?"

"Na hilo lako, Baba Mwikali, si linakuja na damu?" Mutiso alimjibu, akimwita kwa jina langu.

"Damu haigeuzi maandishi."

Chama cha redio kilikuwa kimepoteza heshima kidogo. Siku moja timu ya taifa ilikuwa ikicheza ugenini, na Mutiso, aliyekuwa akisikiliza peke yake kwenye kibanda chake, alitoka mbio akalitangazia soko zima kwamba tumeshinda. Watu walicheza, mama mmoja akagawa ndizi. Kumbe betri zilikuwa zimekwisha kabla ya mchezo kwisha, na dakika zile za mwisho, ambazo Mutiso hakuzisikia, tulifungwa mara mbili. Tangu siku ile, akitoa habari yoyote, mtu alimuuliza kama amesikiliza mpaka mwisho.

Baba naye alikuwa na kanuni yake, na aliiamini kama Maandiko. Kilonzo alipata magazeti ya kufungia nyama kutoka pande mbili. Lile jipya lililokuja na basi kutoka Machakos mjini lilisomwa kwenye benchi hadi likachakaa, kisha likaenda kufungia nyama. Mengine alinunua kwa marobota, makuukuu kutoka maofisini. Kwa hiyo karatasi ya nyama ingeweza kuwa ya juzi au ya miaka iliyopita, na tarehe mara nyingi ilikuwa imekatwa. Baba aliitambua kwa rangi. Ikiwa ya manjano, ni ya kale. Ikiwa nyeupe, ni ya wiki hii. Kanuni hiyo ilimfaa muda mrefu, na watu wa benchi walizoea kumletea karatasi zao awatazamie umri, kama watu wanavyotazamiwa meno ya ng'ombe.

Nilikuwa darasa la nane, na nilikuwa mfungaji wa timu ya netiboli. Nguzo yetu ilikuwa mti wa mkaratusi, na pete ilikuwa waya wa ua uliokunjwa. Mpira wa ngozi ulikuwa mmoja, wa shule. Nyumbani nilijizoeza kwa mpira wa karatasi za nailoni uliosukwa kwa katani, nikiutupa kwenye karai lililotoboka alilolitundika baba ukutani mwa ghala. Haikuwa michezo tu kwangu. Kila mwaka mwalimu wa michezo wa shule moja ya bweni ya wasichana alikuja kutazama mashindano ya kanda, na msichana aliyempenda alipata nafasi ya kidato cha kwanza na kusaidiwa karo. Kwetu karo ya bweni haikuwapo, na halikuwa jambo la kufichwa. "Mwikali," baba aliniambia, "ukipendwa na hao watu wa mpira, utasoma. Usipopendwa, tutaona." Nilijua maana ya tutaona.

Tulipofunga shule mwezi wa nne, mwalimu wetu wa michezo, Bi. Mbula, alitupanga mstari akasema: "Jumatatu ya kufungua, wote uwanjani. Asiyekuwepo nitajua hataki." Mashindano yangekuwa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo.

Jumamosi ya mwisho ya likizo, nyama ilikuja na karatasi nyeupe kabisa. Baba alipoitandaza alisoma kwa sauti kwamba shule zote nchini zingefunguliwa wiki moja baada ya siku iliyotangazwa, kwa sababu ya, na hapo karatasi ikakatika. Sababu ilikuwa imeenda na nyama ya mtu mwingine. Baba aliigeuza, akaiinua kwenye mwanga, akaitazama rangi. Kisha akavaa kofia, akairudisha kwenye benchi mwenyewe.

Nilimfuata. Sitasahau mjadala ule. Mmoja alisema sababu ni chaki zimekwisha nchini. Mwingine alisema ni walimu. Wa tatu alisema watoto wa siku hizi wanasomeshwa mno, na kumbe serikali imeliona hilo. Mutiso peke yake ndiye aliyepinga.

"Mimi sijasikia kitu kama hiyo."

"Wewe husikii mpaka mwisho," Kilonzo alimjibu, na benchi zima likaangua kicheko.

Baba alimuuliza kwa utaratibu, "Redio imekanusha?"

"Haijasema chochote."

"Basi imekubali."

Jumapili habari ilizunguka nje ya kanisa, na ilipokelewa vizuri, kwa sababu mtama ulikuwa umeanza kukomaa na ndege walikuwa wengi. Kila boma la mteremko wetu liliwapangia watoto zamu za kufukuza ndege. Mimi nilijiambia kwamba Bi. Mbula naye bila shaka amesoma gazeti. Shule ilikuwa ng'ambo ya bonde, nyuma ya kilima, na kengele yake haikufika kwetu.

Jumanne jioni nilikuwa mtoni nikichota maji kwenye kisima cha mchangani. Alitokea Ndunge, msichana wa mteremko wa pili, ambaye kwenye timu alikuwa akiba yangu. Alikuwa amevaa sare.

"Nyinyi bado muko likizo?" alinicheka. "Ama umeolewa?"

"Shule si inafunguliwa wiki ijayo?"

"Nani amekwambia? Tumefungua jana. Mwalimu ameniweka kwa pete."

Nilimwaga maji yote niliyokuwa nimechota, sijui kwa nini, nikapanda kilima na dumu tupu.

Nilimweleza mama kwanza. Aliacha kutwanga mahindi ya muthokoi, akafikiri, akasema taratibu, "Lakini kuna mwaka shule zilichelewa kweli. Mwaka ule ulipougua surua." Nilipougua surua nilikuwa darasa la tano. Habari ile tulikuwa tumeiishi sote, mteremko mzima, kisha tukaisahau, na iliporudi na nyama tukaipokea kama mgeni.

Baba hakubisha. Alichukua karatasi yake akaenda kwa Kilonzo. Kilonzo alimwonyesha robota jipya alilokuwa amelifungua wiki ile. Karatasi za juu na za kando zilikuwa za manjano. Za katikati, ambazo hazikuona jua wala hewa miaka yote hiyo, zilikuwa nyeupe kama zimetoka kiwandani jana. Aliporudi aliketi kwenye kigoda chake akala kidogo.

"Kesho nitampeleka Mwikali," alimwambia mama. "Lakini nitapitia kwa watu."

Asubuhi alivaa koti lake la kanisani. Mimi nilikuwa nimekwisha kupiga sare pasi ya makaa, na nilidhani tutashuka bondeni moja kwa moja ili nifike kabla ya mazoezi ya asubuhi. Huenda nafasi yangu ilikuwa bado haijaenda. Badala yake aligeuka kushoto, njia ya kwa jirani yetu Mama Nduku.

"Baba, shule ni huku."

"Najua shule iko wapi."

Angeweza kupaza sauti kutoka njiani na ingetosha. Yeye aliingia hadi uani, akavua kofia, akangoja mwenyeji atoke, akamsalimia. Kisha akasema: "Ile habari ya shule nilisoma vibaya. Ilikuwa ya zamani. Shule ilifunguliwa Jumatatu. Kosa ni langu, mtoto aende leo." Kila boma alisema hivyo hivyo, hakupunguza neno. Mama Nduku alicheka hadi akakalia kinu. "Asi, Baba Mwikali! Na hawa ndege sasa nitawaambia nini?" Mzee mmoja aliyekuwa hasikii vizuri alimfanya arudie na kurudia, hadi mwishowe baba akawa anapiga kelele za kosa lake bonde zima likisikia. Mwanamume mwingine, ambaye kijana wake naye alikuwa darasa la nane, hakucheka.

"Tulikuamini, Nzioka."

"Ndiyo sababu nimekuja," baba akasema.

Tulipotoka hapo nilianza kulia. Nilimwambia watanichukulia nafasi, twende shule kwanza, wengine atawaambia jioni. Alisimama njiani. Nilimwona akitazama kilima cha shule, halafu maboma yaliyobaki. Alijua nilichokuwa naomba, na alijua bei yake.

"Jioni watakuwa wamekosa siku nyingine," alisema. "Niliwaambia wote, Mwikali."

Tukaendelea. Nyuma yetu watoto walizidi kuongezeka, wengine wakifunga vifungo vya mashati huku wanatembea, wote wakininung'unikia mimi kana kwamba ni mimi niliyemaliza likizo.

Mwisho ilikuwa sokoni. Mutiso alikuwa akiziba pancha, na alipomwona baba na koti lake aling'amua. Alijifuta mikono, akasafisha koo.

"Baba Mwikali, leo gazeti limeandika nini?"

"Limeandika kwamba Mutiso alikuwa sahihi."

Nilitarajia kicheko. Kilonzo aliacha kisu hewani. Mutiso mwenyewe, ambaye alikuwa amengoja siku kama hiyo tangu mambo ya zile betri, alinitazama nilivyovimba macho, akauliza kuna nini, na baba akamweleza habari ya timu. Hakusema lolote la ushindi. Alitoa baiskeli ya mteja akasema, "Kaa hapa nyuma, shika vizuri." Njiani, tukishuka kwa kasi iliyonifanya nifumbe macho, alisema bila kugeuka: "Ile siku ya mpira mimi sikurudi kuambia watu. Nilikaa nyumbani mpaka wakasahau. Na hawajasahau."

Bi. Mbula alinisikiliza hadi mwisho. Alisema anaamini, na kwamba hana hasira, lakini Ndunge alikuwa amefanya mazoezi siku zote na wenzake, na Jumamosi ilikuwa karibu. "Utakuwa akiba," alisema. Baba alipofika na msafara wake, alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, ambaye tayari alikuwa na kiboko mkononi kwa ajili ya watoro wa mteremko wetu. Alirudia maneno yale kwa mara ya mwisho, mbele ya shule nzima. Hakuna mtoto aliyechapwa. Aliniombea nafasi pia; nilimwona akimwendea Bi. Mbula, kofia mkononi, na nilimwona akiitikia kwa kichwa na kurudi nyuma.

Jumamosi ile nilishika machungwa yaliyokatwa ya mapumziko. Ndunge alifunga vizuri, na nimekuwa na miaka mingi ya kulipima hilo kwa haki: huenda nisingemshinda. Mwalimu wa shule ya bweni alizungumza naye kando ya uwanja, akamwita na Bi. Mbula. Tukirudi nyumbani, baba aliniambia, "Nafasi yako niliila mimi." Nilikuwa na umri wa kukasirika, na nilikasirika muda mrefu.

Nilienda shule ya kutwa hadi kidato cha pili, na hapo ikawa ile "tutaona". Lakini tangu mashindano yale, nyumbani kwetu Jumamosi moja ilikuwa ya nyama, na Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya gazeti, jipya, kutoka kwenye basi, na kurasa zote. "Leo tunakula nini?" Muthoka alilalamika. "Wachezaji?" Baba aliketi nami kwenye ngazi ya ghala, na kabla ya kichwa chochote cha habari alinifanya nisome tarehe. Halafu tulisoma kila kitu, na alipotilia shaka jambo aliniuliza nani amelisema, na huyo naye amelijuaje. Baadaye nikaanza kuazima vitabu, kisha kununua. Sina cheti cha kuonyesha mtu, lakini elimu ninayo, na ninajua ilianzia wapi. Ndunge ni mwalimu huko Masinga. Tukionana ananiita akiba, namwita mwizi, tunacheka, na chai nalipa mimi.

Hasira iliisha nilipokuwa mtu mzima na kuanza kukutana na watu wanaokosea. Ndipo nilipojua nilichokiona asubuhi ile kilikuwa adimu kiasi gani.

Mwanangu Kioko anajua bao lililofungwa Ulaya kabla wavu haujatulia. Anabishana kuhusu makocha na watu asiowajua, usiku na mchana, kwa kidole gumba, na nakiri kwamba ana maoni mengi kuliko benchi zima la Kilonzo. Nikimuuliza nani amesema, ananijibu, "Iko kwa simu, mum," kana kwamba simu ni mtu mwenye boma na jina. Simlaumu sana. Sisi tuliuliza karatasi ina rangi gani. Wao wanauliza imetazamwa na wangapi. Hatuachani mbali.

Lakini mwezi wa kwanza uliopita, kwenye kikundi cha simu cha wazazi wa shule yake, mzazi mmoja alituletea habari kwamba kufungua shule kumeahirishwa. Ilikuwa na nembo na sahihi, na wengi tuliishukuru. Ikabainika ni ya mwaka mwingine kabisa. Watoto kadhaa walikosa siku ya kwanza, na mmoja alikuta kitanda chake cha bwenini kimepewa mwingine. Nilingoja. Jioni, pale ujumbe ulipokuwa, palikuwa na mstari mmoja wa kijivu unaosema umefutwa. Asubuhi yake mzazi yule yule akatuma picha ya waridi na maneno ya kututakia siku njema, na watu wakamjibu, "Amina."

Sisemi tulikuwa watu wema kuliko hawa. Mutiso alijifungia nyumbani, na angekuwa na mahali pa kufutia angefuta. Pengine hata baba angejaribiwa, akiwa na binti analia kando yake na muda unaenda. Nashukuru tu kwamba alipokosea hapakuwa na namna ya kufuta. Palikuwa na nyua za watu, na katika kila ua alikuwapo mtu anayemjua kwa jina, aliyetoka nje akamsikiliza.